Nilivyokomesha mlio wa "ko-ko" mbele ya Impreza

Gari langu, Subaru Impreza ya turbo, ilikuwa ikigonga mbele kushoto kila nikipita tuta polepole. Barabara kuu, kimya kabisa. Fundi akataka tubadilishe shokapu zote. Sikukubali: hazikuvuja, na gari halikuwa likidundadunda.

Nikapiga jeki upande wa kushoto, nikatikisa tairi kwa kulishika juu na chini, kisha pembeni. Halikucheza, kwa hiyo bolijointi na tairodi (viungo vya gurudumu na usukani) sikuzishuku tena. Linki ya stabilaiza (kifimbo kinachounganisha saspensheni na stabilaiza, chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona) nayo ilikuwa ngumu. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Tairi moja likining'inia na jingine likiwa chini, stabilaiza hujikunja na kuikaza linki, ulegevu ukajificha. Nikainua mbele kote, nikaweka steni (stendi za kubeba gari), nikaikamata tena. Ikacheza mkononi, ko-ko ileile! Mpira wake wa juu ulikuwa umechanika, grisi imeisha, limebaki tope jekundu la kutu.

Nikabadilisha linki zote mbili, kelele ikaisha.

Siku hizi kila nikimwaga oili, au nikitoka kulikimbiza gari, nakagua chini. Kila nati nimeichora mstari mweupe unaoshuka hadi kwenye bolti. Mstari ukikatika, nati imezunguka. Bushi (vipande vya mpira) za lowaamu, yaani mkono wa chini wa gurudumu, nazisukuma kwa mtaimbo. Springi naifuta vumbi kwanza ndipo nitafute nyufa, hasa ncha ya chini. Na ukibadilisha bushi, kaza bolti zake gari likiwa limesimama kwa matairi yake, la sivyo mpira utabaki umejisokota na kuchanika mapema.