Siku moja maishani mwangu: Ijumaa ya Tausi

Mimi ni mhudumu wa wazee majumbani, mzaliwa wa Mombasa, mkazi wa Jersey City, mji unaotazamana na New York ng'ambo ya mto Hudson. Kazi yangu haina makuu: kuogesha, kupika, kuhesabu vidonge, kupima presha, na kusikiliza hadithi ileile mara ya arobaini kama kwamba ndiyo kwanza naisikia. Siku ninayoisimulia ni Ijumaa, 25 Machi 2022. Zamu yangu ilikuwa ya saa kumi na mbili. Nilifanya kumi na saba na ushei.

Saa 11:40 alfajiri

Nimeshaswali, chai ya tangawizi iko jikoni, na Ramadhani imebakiza wiki moja nami sijanunua hata tende. Kwenye simu kulikuwa na jumbe kumi na tisa za kikundi chetu cha Wakenya wa hapa mjini. Hakuna hata moja ya msiba wala ya mchango. Zote mpira wa kikapu. Nilisoma mpaka chai ikapoa, kisha nikavua mtandio mweusi niliokuwa nimeuvaa nikachukua wa buluu.

Saa 12:20 asubuhi

Kwenye basi la Kennedy Boulevard nilimkuta shoga yangu wa Lubumbashi, anayesafisha wodi katika hospitali moja. Alikuwa amenuna, na ilikuwa siku ya nane ya kununa. Wiki iliyotangulia, 17 Machi, chuo kidogo cha mtaani kwetu, Saint Peter's University, kiliitoa timu ya Chuo Kikuu cha Kentucky kwenye NCAA, mashindano ya taifa ya kikapu ya vyuo vikuu, 85 kwa 79, tena baada ya dakika za nyongeza. Kentucky hao ni mabingwa mara nane, na nguzo yao msimu ule alikuwa Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi. Alifunga pointi 30 na kudaka ribaundi 16, yaani mipira iliyokosa kikapu, usiku ule, na bado akafunga virago.

"Mutoto yetu alifanya yote," shoga akaniambia, kama alivyoniambia jana na juzi. "Benzake njo balimuacha."

Akautazama mtandio wangu, akageukia dirishani.

Kwa asiyefuata mambo haya: timu hugawanywa katika kanda nne, na kila kanda timu hupangwa kwa ubora, ya kwanza mpaka ya 16. Wa 15 hukutanishwa na wa pili. Kupangwa wa 15 ni kama kualikwa harusini ukakalishwa mlango wa choo: umo kwenye orodha, lakini hakuna anayekutazama. Saint Peter's walikuwa wa 15. Baada ya Kentucky wakaifunga Murray State 70 kwa 60, na leo usiku walikuwa wakutane na Purdue, mjini Philadelphia. Hakuna timu ya 15 iliyowahi kuivuka hatua hiyo.

Basi likapita mbele ya chuo chenyewe. Niseme ukweli: miaka nilipita pale nikidhani ni sekondari ya masista. Majengo yamebanwa kati ya maduka na nyumba za watu, huna habari unapoingia wala unapotoka. Kumbe ni chuo cha Wajesuti, kilichopewa hati mwaka 1872. Asubuhi ile dereva alipiga honi mara mbili alipofika usawa wa lango, na abiria aliyekuwa amesinzia akashtuka akacheka.

Saa 1:00 asubuhi

Nilipiga simu ya kuingia kazini, nikapanda ngazi. Mzee alikuwa ameshavaa. Katika miaka mitatu niliyomhudumia hajawahi kuvaa kabla sijafika. Fulana ya buluu, kofia ya buluu, na soksi moja, kwa sababu ya pili haikumkubali mguu.

Presha: 148 kwa 86.

"Ni Purdue hiyo," akasema.

Nilimwambia Purdue hawapo kwenye orodha ya dawa zake. Nilimpigia muuguzi, akaniambia nimtulize, nipime tena baada ya nusu saa. Ikashuka. Lakini nilishaona nina kazi mbili siku hiyo, mzee na presha yake.

Saa 3:30 asubuhi

Kuoga, kunyoa, mazoezi ya kutembea na kigari kutoka kitandani mpaka dirishani. Mzee huniita "Mombasa", mimi namwita "Mzee", naye anaamini ni cheo kikubwa kama jaji. Sijamsahihisha.

Nilimuuliza kwa nini timu ya chuo inaitwa Tausi wakati wenzao wote wanajiita simba, chui na dubu. Akafurahi kuulizwa. Mwaka 1630 Mholanzi mmoja, Michael Pauw, alipewa ardhi hapa. *Pauw* kwa Kiholanzi ni tausi, kwa hiyo ardhi yake akaiita kwa Kilatini Pavonia, nchi ya tausi. Mpaka leo Jersey City ina barabara ya Pavonia. Nami nikamweleza kwamba kwetu pwani tausi ni ndege wa sifa, anatajwa kwenye mashairi na nyimbo za harusi, na mtu akiringa kupita kiasi huambiwa anajiona tausi. Alinitaka nimwandikie neno hilo. Likabandikwa kwenye jokofu: TAUSI.

Saa 6 mchana

Ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima, mzee hali nyama. Nilimpikia samaki kwa tui la kopo, chumvi kidogo mno. Akala chote, akalamba kijiko, akasema kinakosa chumvi.

Wakati anakula nilipiga nyumbani. Kwangu saa sita, kwao saa moja usiku, Magharibi imeshaswaliwa. Mamangu hajui kikapu kingine ila cha sokoni, lakini alitaka kujua wanaocheza ni watoto wa nani. Nikamwambia wengi ni wa New Jersey na New York, na wamo mapacha wawili wa Mali, Hassan na Fousseyni Drame.

"Hassan?" akauliza.

"Ndiye."

"Basi nitamuombea. Na huyo mzee wako, anakula vizuri?"

Mzee hunishangaa ninavyosema saa sita wakati saa yake ya ukutani inaonyesha kumi na mbili. Anasema saa zetu zimepinduka. Namjibu kwamba sisi huanza kuhesabu jua likichomoza, sijui wao wanaanzia nini.

Saa 9 alasiri

Sasa ile hadithi. Nilijua inakuja.

Machi 1968, akiwa mwanafunzi hapohapo, yeye na wenzake wawili walipanda treni ya chini ya mto hadi Madison Square Garden, ukumbi mkubwa wa New York. Saint Peter's, chini ya kocha Don Kennedy, wakacheza na Duke katika NIT, mashindano mengine ya vyuo. Duke ni chuo kikubwa, jina kubwa. Vijana wa Saint Peter's, akiwemo Elnardo Webster, walikimbia mwanzo hadi mwisho, na ubao ukasoma 100 kwa 71. Timu ile ilijulikana kwa jina la *Run Baby Run*, yaani kimbia mtoto kimbia. Ukumbi wa chuo uliofanyiwa ukarabati na kufunguliwa upya 2021 umepewa jina hilohilo. Aliyechangia dola milioni 5, Thomas MacMahon, ni mhitimu wa mwaka ule wa 1968. Angeweza kuuita kwa jina lake, akachagua la timu.

Nilikuwa nimeisikia hadithi hii kila nilipomkata kucha. Mwanawe, akiwepo, hutoka chumbani ikianza. Siku ile niliiuliza maswali. Walikaa safu gani? Walirudi saa ngapi? Kumbe hajawahi kusimulia safari ya kurudi: waliimba ndani ya treni mpaka mlevi mmoja akawaomba wanyamaze.

Alikuwa na gazeti pajani. Lilisema Shaheen Holloway, kocha wa Saint Peter's, analipwa kama dola 266,000 kwa mwaka, na kocha wa Kentucky zaidi ya milioni 8. Mzee aliisoma kwa sauti mara tatu. Alipenda zaidi jibu la Holloway baada ya Murray State, alipoulizwa kuhusu mchezo wa mabavu: nina vijana wa New Jersey na New York City, mnafikiri tunaogopa kitu? Holloway mwenyewe ni wa Queens.

Saa 12:50 jioni

Mjukuu aliingia na sanduku kubwa la mabawa ya kuku. Doug Edert, kijana mwenye masharubu anayeingia kutoka benchi na kufunga kama ana deni, alikuwa juzi tu amepata mkataba na kampuni ya migahawa ya mabawa, na mjukuu akaona hiyo ndiyo heshima yake. Mzee akatazama sanduku, akatazama kalenda.

"Ijumaa," akasema.

Mjukuu alisahau Kwaresima. Sanduku likawekwa juu ya jokofu, juu kidogo ya neno TAUSI, na nyumba nzima ikanuka pilipili na siagi. Mimi kuku ambaye sijui amechinjwa vipi simli, kwa hiyo tukabaki watu wawili wenye imani zetu na kijana mmoja mwenye njaa na aibu.

Wa kunipokea zamu alitakiwa kufika saa moja. Nilipiga ofisi inayotupanga. Ikaita, ikaita, mashine ikapokea.

Saa 1:09 usiku

Mpira ukarushwa juu.

Purdue walikuwa na Zach Edey, mita 2.24, ambaye akisimama karibu na goli unadhani amewekwa kushikilia paa. Walikuwa pia na Jaden Ivey, ambaye miezi mitatu baadaye angechaguliwa wa tano kuingia NBA, ligi ya kulipwa. Wetu mrefu wa kuzuia, KC Ndefo, ana mita 2.01. Nilimuuliza mzee wataziba vipi pengo lile.

"Usitazame mpira, Mombasa. Tazama miguu ya wasio na mpira."

Nikajaribu. Mwanzo niliona vurugu. Kisha nikaanza kuona. Mpira ukimfikia jitu, tayari mtu wa pili ameshapiga hatua kumwendea, na wa tatu ameshasogea kuziba nafasi ya wa pili, kama wapishi watatu wa shughuli wanaopishana jiko moja bila kuambizana. Holloway aliingiza na kutoa watu mfululizo, miguu isichoke. Ivey kila alipogeuka alikuta kifua. Mimi niliyezoea kutazama kikapu tu, nikagundua kazi yote inafanyika mbali nacho.

Mapumziko: Purdue 33, Saint Peter's 29. Presha: 152 kwa 88. Nilitishia kuzima televisheni. Mzee akaniambia kwa upole kabisa kwamba nikizima atakufa, na nitaandika nini kwenye daftari la zamu? Nikamfanyisha pumzi ndefu, kumi za kuvuta, kumi za kutoa. Mjukuu naye akazifanya.

Kipindi cha pili sikukaa. Nilisimama nyuma ya kiti cha mzee, mkono begani kwake, nikidai ni kwa ajili ya usalama wake. Daryl Banks akifunga, bega linaruka. Dakika za mwisho zikawa za mitupo huru, Edert na masharubu yake mbele ya maelfu wanaomzomea, na mzee akafumba macho.

"Imeingia?"

"Imeingia."

"Ya pili?"

"Nayo."

67 kwa 64. Timu ya kwanza iliyopangwa ya 15 kuingia robo fainali ya NCAA tangu mashindano yaanze. Nje honi zililia Kennedy Boulevard nzima, na jirani wa juu akapiga sakafu kwa ufagio, safari hii si kwa hasira.

Yaliyofuata nayapitisha haraka, maana si ya siku hiyo. Jumapili North Carolina waliwafunga 69 kwa 49. Siku chache baadaye Holloway akaenda Seton Hall, chuo alichochezea ujanani, na wachezaji wengi wakatawanyika, Ndefo akimfuata kocha, mapacha wakienda La Salle. Mzee alinuna kuliko shoga wa Lubumbashi. Akaja Bashir Mason, mzaliwa wa Jersey City hapahapa, na Machi 2024 Tausi wakatwaa tena ubingwa wa ligi yao, MAAC, kwa kuifunga Fairfield 68 kwa 63. Kisha Tennessee wakawapiga 83 kwa 49. Tulitazama zote. Ile ya mwisho niliizima mwenyewe, na hakubisha.

Saa 3:40 usiku

Bado hakuna mtu wa zamu. Nilimpa vidonge vya usiku, nikapima: 139 kwa 82. Mwanawe alipiga simu kutoka Florida. Nilisikia mzee akimwambia, "Hapana, sikiliza, mwaka 1968 ilikuwa hivi," na upande wa pili ukatulia. Safari hii hakukatwa. Alisimulia mpaka treni, mpaka mlevi.

Kulala alikataa.

Saa 5:50 usiku

Mjukuu amesinzia kwenye kochi na viatu vyake. Mzee amekaa wima mezani, macho juu ya jokofu.

"Saa ngapi?" akaniuliza. Kiswahili changu hicho, pamoja na lafudhi yake ya Jersey.

"Bado dakika kumi."

Nikalishusha sanduku, nikayafuta mabawa mawili kwa karatasi kupunguza chumvi na mafuta, yakiwa baridi kama mawe. Tukaitazama saa ya ukutani, yeye na kumi na mbili yake, mimi na sita yangu. Chini mlango wa jengo ukalia. Huyo alikuwa wa zamu, hatimaye, anapanda ngazi akihema na udhuru wake.

"Saa sita kamili," nikasema. "Jumamosi."

Akachukua bawa la kwanza.