Kampuni ikiuzwa, daftari la wanachama halihami lenyewe

Kuna watu Kisumu, Vihiga na Njoro wanaotunza kompyuta za Sacco ndogo, shule na dispensari bila malipo. Hadithi ya MySQL, programu ya hifadhidata, inawahusu, maana mifumo mingi ya akiba na karo inaegemea hapo. MySQL ilitoka kwa kampuni ya Sweden. Mwaka 2008 Sun Microsystems iliinunua kwa takriban dola bilioni 1, na Januari 2010 Oracle ikaichukua Sun yenyewe pamoja na vyote vilivyokuwa ndani.

Mmoja wa waanzilishi wa MySQL, Michael Widenius, hakungoja. Mwaka 2009 alichukua msimbo ule ule akaanzisha MariaDB; My na Maria ni majina ya binti zake. Aliweza kwa sababu MySQL ilitolewa kwa leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kutumia na kubadilisha msimbo, na nakala iliyokwisha kutolewa kwa leseni hiyo hairudishwi. Kitu ambacho hakuweza kuondoka nacho ni jina. OpenOffice, programu ya ofisi iliyokuwa ya Sun, nayo ilipita njia hiyo: Septemba 2010 wajitoleaji walitoka wakaunda The Document Foundation, na kwa kuwa jina lilibaki kwa Oracle, kazi yao ikaitwa LibreOffice.

Kwa hiyo kampuni inaponunuliwa, usikimbilie kung'oa mfumo. MySQL bado inatolewa. Angalia kwanza toleo ulilo nalo kwa amri ya SELECT VERSION(), kisha uamue. Toleo 5.7 liliacha kupata marekebisho Oktoba 2023, na la 8.0 mwisho wake ulipangwa Aprili 2026. Aliye kwenye matoleo hayo lazima asogee tu, na kwa Sacco ya kawaida naona heri asogee kwenye MariaDB, ambayo Debian, moja ya mifumo ya Linux, imeifanya chaguo lake la kawaida tangu toleo la 9 la mwaka 2017. Anayetumia XAMPP, kifurushi cha seva na hifadhidata kwa pamoja, aangalie vizuri: tangu 2015 ndani yake mna MariaDB, ingawa kitufe bado kimeandikwa MySQL.

Dispensari zenye KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa, ni kesi nyingine kabisa. Mfumo huo umejengwa juu ya OpenMRS, kazi iliyoanzia Eldoret mwaka 2004, na toleo la hifadhidata yake hupangwa na wanaoutunza. Fundi wa kujitolea asiliguse bila wao. Rekodi za wagonjwa si mahali pa kujaribia.

Sasa kuhama kwenyewe. Tafuta kompyuta ya pili. Usiweke MariaDB juu ya MySQL kwenye mashine moja: zote mbili hutaka mlango mmoja wa mawasiliano (port), 3306, na folda ya data ya MySQL 8.0 haisomeki na MariaDB hata ukiinakili nzima. Njia ni moja, kutoa bakapu ya maandishi na kuisoma upya:

mysqldump -u root -p --single-transaction --routines --events --triggers --default-character-set=utf8mb4 --set-gtid-purged=OFF --result-file=sacco.sql sacco

Neno sacco la mwisho ni jina la hifadhidata. Tumia --result-file, si alama ya >. Kwenye PowerShell ya Windows alama hiyo huandika faili kwa UTF-16, usimbaji tofauti wa herufi, na faili hilo halitakubali kusomwa upande wa pili. Fahamu pia kwamba --single-transaction hulinda majedwali ya aina ya InnoDB pekee. Kama mfumo ni wa zamani na una majedwali ya MyISAM, aina ya zamani, weka --lock-all-tables badala yake, na ufanye kazi jioni baada ya karani kufunga hesabu.

Stima ikipotea katikati, utabaki na faili linaloonekana zima kumbe limekatika. Fungua mstari wa mwisho: lazima usome "Dump completed". Usipouona, rudia. Na flashi iliyoumbizwa FAT32 haipokei faili linalofika GB 4, kwa hiyo libane kwanza au uumbize flashi upya kwa exFAT.

Kosa la kwanza utakalokutana nalo kutoka MySQL 8.0 ni namba 1273, likilalamikia utf8mb4_0900_ai_ci. Hiyo ni kanuni ya kulinganisha herufi ambayo MariaDB 10.6, ile inayokuja na Ubuntu 22.04, haiijui. Wengi huibadilisha kuwa utf8mb4_unicode_ci, na hapo huzaliwa kosa la pili, 1062, la rekodi kujirudia. Sababu yake ni ndogo mno: kanuni ya MySQL huhesabu nafasi tupu mwishoni mwa neno, nyingine huipuuza. Namba ya mwanachama "K017" na "K017 " iliyoandikwa kwa haraka zilikuwa mbili, sasa zimekuwa moja. Badilisha hivi badala yake:

sed -i 's/utf8mb4_0900_ai_ci/utf8mb4_unicode_520_nopad_ci/g' sacco.sql

Baadaye, kwa utulivu, mkae na karani msafishe namba hizo.

Majina ya watu yanastahili jicho la pekee, maana mtu akifika kaunta asipopatikana kwenye mfumo, akiba yake ni kama haipo. Nakuru kuna Njũgũna na Gĩthĩnji, Kisumu kuna Achieng’ yenye alama iliyopinda kutoka kwenye simu. Seti ya herufi ikikosewa, Njũgũna huwa NjÅ©gÅ©na na Achieng’ huwa Achiengâ€™. Usiamini skrini. Andika SELECT HEX(jina), inayoonyesha baiti zenyewe, kwa rekodi chache: herufi ĩ lazima iwe C4A9. Ukikuta C384C2A9, jina limesimbwa mara mbili, na mara nyingi uharibifu huo ulikuwapo tangu zamani ila programu iliuficha. Hapo simama, rudi kwenye bakapu ya asili.

Usihamishe hifadhidata ya ndani iitwayo mysql, yenye watumiaji na nywila. Mpangilio wake kwenye MariaDB ni tofauti tangu toleo 10.4. Orodhesha ruhusa kwa SHOW GRANTS, kisha uunde kila mtumiaji upya. Ukimsahau mmoja aliyeandika taratibu za ndani ya mfumo, kosa 1449 litakukumbusha siku ya kwanza ya kazi. Data iliyotoka Windows ikienda Linux nayo ina mtego wake: Linux hutofautisha Wanachama na wanachama, na programu itadai jedwali halipo. Weka lower_case_table_names=1 kwenye usanidi kabla ya kuingiza chochote.

Kuthibitisha, hesabu kila jedwali kwa SELECT COUNT(*) pande zote mbili. Makadirio ya idadi ya rekodi yaliyomo kwenye information_schema kwa InnoDB si kamili, yasikudanganye. Kisha jumlisha safu ya fedha, SUM ya akiba na SUM ya mikopo, na mwekahazina alinganishe na kitabu chake mwenyewe kwa kalamu. Tofauti ya shilingi 1 inatosha kusimamisha zoezi.

Jambo moja hupuuzwa sana na wajitoleaji: majibu ya matatizo yaliyokwisha kutatuliwa. Anwani za Sun zilihamia kwa Oracle, na viungo vingi vya zamani vikaacha kufika vilikokusudiwa. Kila tatizo mnalolitatua liandikeni kwenye faili la maandishi matupu: tarehe, toleo, maneno kamili ya kosa, amri iliyotumika, matokeo yake. Wekeni na visakinishi vya matoleo mliyotumia, pamoja na namba zake za sha256sum, za kuthibitisha kwamba faili halijabadilika. Nakala zikae kwa watu watatu wasioishi mtaa mmoja, na kila ofisi iwe na wajitoleaji wawili wanaoijua. Nywila ya root, yaani mtumiaji mkuu, ibaki kwa katibu, kwenye bahasha iliyofungwa na kutiwa sahihi mgongoni.

Mashine ya zamani izimwe, lakini diski yake isifutwe mpaka mwezi mmoja ufungwe wote kwenye mfumo mpya na taarifa za wanachama zichapishwe bila pingamizi.