Ugali wa unga gani? Kutoka Ipogoro hadi Uyole na begi la madaftari

Konda alitaka begi langu liende kwenye buti. Nikakataa.

"Sasa dada, lina nini humo?"

"Kikombe."

Akacheka mpaka abiria wa siti za mbele wakageuka, kisha akaniachia nilipakate. Sikuwa namtania. Humo ndani mlikuwa na madaftari manne ya dodoso za ulaji, mizani ndogo ya jikoni, na kikombe cha plastiki cha bluu nilichopewa na mama mmoja wa Kilolo. Alikuwa amenijibu kwamba mtoto wake hula uji "kikombe kimoja" asubuhi, nikaandika kikombe kimoja. Ni siku ya pili tu ndipo nilipokijaza maji na kukipima, nikakuta kinabeba karibu mara mbili ya kile kilichochorwa kwenye mwongozo wetu.

Tulitoka Ipogoro bado giza, baridi ile ya Iringa inayopenya hata kwenye soksi. Nilikuwa nakwenda Uyole, Mbeya, kwenye kikao cha siku mbili. Wito ulisema kitajadili "miundombinu ya pamoja ya utafiti wa chakula, lishe na afya". Neno miundombinu huwapeleka watu moja kwa moja kwenye lami na nguzo za umeme. Hapa ilimaanisha kitu kidogo zaidi na kigumu zaidi: kwamba aliyepima mahindi, aliyepima mtoto na aliyepima sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, maabara waweze kuziweka takwimu zao kwenye meza moja zikaelewana.

Huku kwetu haja ya jambo hilo inaonekana hata dirishani. Kuanzia Ifunda hadi Makambako tulipishana na malori ya mahindi, mbao na viazi mpaka nikachoka kuhesabu. Chakula kinatoka hapa kwenda kulisha wengine. Lakini utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2022 ulikuta watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa ni asilimia 30 nchini, na Iringa ni karibu 57. Njombe na Rukwa ziko kwenye 50 hivi. Ukimuuliza bwana shamba atakuonesha magunia. Ukimuuliza nesi atakuonesha kadi za kliniki. Wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja ana daftari lake.

Mafinga alipanda bibi mmoja na kikapu, akaketi ubavuni kwangu. Tulipomaliza salamu zetu za kamwene akaniuliza naenda wapi na begi lililokumbatiwa hivyo. Nilipotaja kupima watoto, akachangamka.

"Sisi tulipimiwa watoto chini ya mti, mwanangu. Anatundikwa kwenye mzani kama nyama ya buchani, analia! Wa pili wangu aliingia kwenye rangi nyekundu. Kijiji kizima kikakaa kuuliza kwa nini."

Alikuwa anakumbuka ule mpango wa lishe wa mkoa wa Iringa ulioanza 1983, chini ya WHO na UNICEF kwa fedha za Italia, katika vijiji 168. Takwimu hazikusafirishwa kwanza kwenda kusomwa mbali. Zilisomwa palepale kijijini. Uzoefu huo wa Iringa ndio uliochangia mchoro wa UNICEF wa 1990 unaofundishwa hadi leo duniani: mtoto hudhoofika kwa chakula, kwa matunzo, na kwa afya na mazingira, vyote vikishikana. Yaani wazo la kuviweka vitatu hivyo pamoja lilipitia vijiji vyetu kabla halijawa mada ya semina. Bibi aliteremka Makambako. Sikuwahi kumuuliza kama huyo wa pili alikua vizuri, na hilo linanisumbua mpaka sasa.

Baada ya Igawa barabara inashuka Usangu, joto linarudi, mchele umepangwa kando ya barabara Chimala na Igurusi. Hapo nililala.

Kikaoni nilianza kwa kukiri kosa langu. Katika dodoso zangu za kwanza niliandika "ugali" kila kaya, basi. Sikuandika sembe wala dona. Mtu wa nje anaweza kuona ni jambo dogo. Lakini mahindi yakikobolewa, ganda na kiini huondoka na sehemu kubwa ya madini ya chuma, zinki na vitamini za kundi B. Na humohumo kwenye ganda na kiini ndimo sumukuvu hujikusanya zaidi, hasa ile fumonisini ya fangasi wa shambani. Kwa hiyo sembe humnyima mtoto virutubishi na kumpunguzia sumu. Dona humpa virutubishi, na kama mahindi ni mabovu, humpa na sumu. Neno langu moja lilifuta yote mawili. Madaftari yale hayawezi kuunganishwa na majibu ya maabara yoyote.

Nilidhani nitachekwa. Badala yake mtafiti mmoja wa mbegu alimwaga maharage mezani: njano, kablanketi, mekundu, meupe. "Na ninyi wa lishe mnaandika 'maharage'," akasema.

Asubuhi nzima ikaishia kwenye orodha. Tunalo jedwali la virutubishi vya vyakula vya Tanzania la 2008, ni msingi mzuri, lakini jina la chakula peke yake halitoshi. Lazima useme kimekobolewa, kimechachushwa, kimekaushwa. Ulaya wana mfumo wa misimbo wa FoodEx2 kwa kazi hiyo, na mradi wa METROFOOD wa vipimo vya chakula, unaoratibiwa kutoka Italia, uliingia mwaka 2018 kwenye orodha yao ya miundombinu mikubwa ya utafiti. Hata wao wenye fedha hawajamaliza.

Majina ya mahali yalitutoa jasho vilevile. "Iringa" ya 1983 ilikuwa na Njombe ndani yake. Njombe ikawa mkoa 2012. Songwe ikamegwa Mbeya 2016. Usipoweka hilo wazi, utalinganisha mkoa na nusu yake.

Wapo waliokataa kuleta takwimu zao. Ofisi moja ilituma mtu aje kusikiliza tu, akasema, "Zetu bado zinafanyiwa kazi." Sikumlaumu sana. Ukishahangaika miaka mitatu kukusanya, kumpa mwingine bure kunauma. Tukakubaliana tuanze na orodha: vyakula, vijiji, vipimo vya nyumbani. Kikombe changu cha bluu kikapewa namba.

Kurudi nilishuka Makambako kula. Mama lishe akaniletea ugali, maharage na chainizi. Rangi ya ugali ule sikuielewa.

"Mama, huu ni sembe au dona?"

"Nimechanganya, mwanangu. Dona lilibaki kidogo."

Nikatoa orodha mpya, kurasa sita, nikaipitia huku chakula kinapoa. Haikuwemo. Nikaazima kalamu kwa yule mama, nikaandika pembeni: *mchanganyiko, uliza kiasi*. Kisha nikamuuliza kiasi.

"Nani anapima?" akasema, akaenda kumhudumia dereva wa lori.