Anayeagwa na Wanaoingia: Oktoba Maktabani

Ikifika Oktoba, ubao wa matangazo wa maktaba ya chuo kikuu huwa na karatasi mbili zinazotazamana. Moja ni ya kamati ya kuaga wastaafu, yenye orodha ya michango na rangi ya kitenge. Nyingine ni ratiba ya kupokea mwaka wa kwanza. Kamati hizi mbili kwa kawaida hazikai kikao kimoja, wakati mzee anayeagwa ndiye aliyekuwa akibeba nusu ya kazi zilizoandikwa kwenye karatasi ya pili. Mengi yanayokwama Novemba huanzia hapo.

Kustaafu hakuji ghafla. Katika utumishi wa umma Tanzania umri wa lazima ni miaka 60 na wa hiari 55, kwa hiyo ofisi ya utawala inaijua tarehe ya kila mkutubi tangu siku alipoajiriwa. Pamoja na hayo, mchango wa kuaga hukusanywa mwezi mzima, na makabidhiano ya kazi hupewa nusu saa siku ya mwisho, chai ikiwa mezani. Muda wa maana ni miezi mitatu. Mwezi wa kwanza anayeondoka anafanya kazi, mrithi anaangalia na kuandika. Wa pili mrithi anafanya, mwenye kazi yuko pembeni. Wa tatu mrithi anabaki peke yake, ila wa kumuuliza bado yupo jengoni. Hiyo miezi mitatu ihesabiwe kurudi nyuma kutoka siku anapoanza likizo yake ya mwisho, maana wengi wana siku za likizo walizolimbikiza, na tarehe iliyoandikwa kwenye barua humkuta mtu yuko kijijini kwake kitambo.

Funguo za chuma hukabidhiwa vizuri tu, kila moja na kibandiko chake. Zinazosahaulika ni zile zisizoning'inia kwenye pete. Ya kwanza ni anwani ya barua pepe iliyosajiliwa kwa wachapishaji wa majarida. Makampuni haya hutambua chuo kwa namba za mtandao wake. Kitengo cha TEHAMA kikibadilisha mtoa huduma wa intaneti, namba zinabadilika na majarida yote yanajifunga siku hiyohiyo. Mchapishaji hatakubali kusajili namba mpya mpaka apate barua kutoka kwa mtu anayemtambua. Kama mtu huyo ni mstaafu na barua pepe yake ya chuo imeshafungwa, mnaweza kukaa wiki kadhaa mkithibitisha kwamba ninyi ni ninyi. Dawa yake ni rahisi: kabla hajaondoka, yeye mwenyewe awaandikie wachapishaji wote kwa anwani yake ya zamani, awape anwani ya kitengo isiyo na jina la mtu, na asubiri majibu yao.

Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo machapisho ya kitaaluma, nayo ina lake. Humo kuna Hinari ya afya, AGORA ya kilimo, OARE ya mazingira, ARDI ya teknolojia na GOALI ya sheria, na taasisi za Tanzania huingia bila malipo. Jina la kuingilia na nywila ni vya taasisi nzima. Mtu mmoja akivibandika kwenye tovuti ya wazi kwa nia njema ya kusaidia wanafunzi, amewagawia watu wasiohusika, na taasisi inaweza kufungiwa. Mtunzaji akiondoka, nywila ibadilishwe, na mpya itolewe kaunta au ndani ya mfumo wa wanafunzi unaodai kuingia kwanza.

Halafu kuna hazina ya tasnifu. Vyuo vingi vinatumia DSpace, programu ya kuhifadhi na kuonyesha kazi hizo mtandaoni, na ndani yake tasnifu iliyowasilishwa hupita kwa mhakiki kabla ya kuonekana. Mhakiki ni akaunti iliyowekwa kwenye kundi. Akaunti hiyo ikifutwa na kundi likabaki na mtu mmoja asiyejua kwamba yumo, kazi zinajipanga foleni kimyakimya. Mwanafunzi wa uzamili anaona "imepokelewa", maktaba haioni kitu, na siku ya kliarensi wote wawili wanashangaana. Kundi la wahakiki lisipungue watu wawili.

Kwenye Koha, mfumo wa kompyuta wa kuazimisha vitabu na kutunza taarifa za wasomaji, usikimbilie kufuta akaunti ya anayeondoka. Anza kwa kumwondolea haki za kiutumishi, kisha angalia vitabu alivyoazima yeye mwenyewe, maana mfumo hautakubali kumfuta mtu mwenye vitabu mkononi. Na watu wa maktaba, tuseme ukweli, ndio wakaaji wakubwa na vitabu vya maktaba. Kama alikuwa na haki ya juu kabisa ya mfumo, hakikisha kuna wawili wengine wanayo kabla ya kugusa yake.

Tangazo lenyewe liandikweje? Sifa za mtumishi ziende kwenye hotuba ya kuagwa. Msomaji wa tangazo anataka kujua dawati gani limebadilika mkono, kuanzia lini, na shughuli yake iliyokuwa nusu njiani inaishia kwa nani. Mhadhiri aliyeagiza vitabu Juni haulizi nani amekuwa mkuu wa uagizaji, anauliza kama orodha yake iko hai. Kwa hiyo kila tangazo la mabadiliko liwe na mstari mmoja wa namna hii: maombi ya vitabu yaliyopokelewa kabla ya tarehe fulani yanaendelea kama yalivyo, hakuna haja ya kuomba upya. Simu binafsi ya mstaafu isiwekwe, hata akisema hana neno. Ataipokea kwa miaka.

Sasa wanaoingia. Orodha ya wanafunzi wapya hutoka ofisi ya udahili ikiwa faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) linalofunguliwa kwa Excel, na hapo ndipo kazi huharibikia. Ukilifungua na kulihifadhi tena, namba za simu zinazoanza na sifuri hupoteza ile sifuri. 0712 inakuwa 712, na ujumbe wa kukumbusha kurudisha kitabu haufiki kwa yeyote. Tarehe nazo hugeuka, siku ikawa mwezi. Kabla ya kubandika chochote, weka safu ya simu na ya namba ya usajili kuwa maandishi, na tarehe ziandikwe kwa kuanza na mwaka. Koha inadai angalau jina la ukoo, msimbo wa tawi na msimbo wa kundi la msomaji, na misimbo hiyo iwe ileile iliyomo kwenye mfumo, herufi kwa herufi. Jaribu na watu watano. Wakiingia vizuri, azimisha kitabu kimoja kwa mmoja wao uone tarehe ya kurudisha, ndipo uingize waliobaki. Mfumo ukiuliza cha kufanya na namba ya kadi iliyopo tayari, chagua kubakiza ya zamani; ukichagua kuandika juu yake, mwanafunzi aliyehama kozi anapoteza taarifa ulizomsahihishia mwaka jana.

Kalenda ya Koha iguswe wiki hiyohiyo. Oktoba 14 ni Siku ya Nyerere, Desemba 9 ni Uhuru, kisha Krismasi na Boxing Day. Zisipoingizwa, kitabu kinapangiwa kurudi siku mlango umefungwa, na faini inahesabika huku mwanafunzi amesimama nje. Kuingiza tarehe peke yake hakutoshi: kuna mpangilio wa faini unaouliza kama siku za kufungwa zihesabiwe au zirukwe, na huo ndio unaosahaulika. Sikukuu za mwandamo nazo huongezwa zikishatangazwa, kwa hiyo jina la mtu mmoja liandikwe pembeni ya kazi hiyo.

Kama kuna vijana wa mafunzo kwa vitendo, kwa mfano kutoka chuo cha ukutubi cha Bagamoyo, wape haki ya kuazimisha na kupokea vitabu. Haki ya kufuta faini ni nyingine, na hiyo wasipewe. Uadilifu wao hauna shida. Tatizo ni kwamba kijana wa fildi hana ubavu wa kumkatalia mwanafunzi wa mwaka wa nne anayepaza sauti kaunta.

Ziara ya mwaka wa kwanza ipangwe kwa hesabu. Tuseme kitivo kina wanafunzi 600. Kwa makundi ya watu 25 ni makundi 24. Kila kundi dakika 30, waongozaji watatu, kila mmoja anapata mizunguko minane, yaani saa nne za kusimama na kusema. Hiyo ni siku mbili za asubuhi, si moja, kwa sababu baada ya mzunguko wa tano sauti imeisha na maelezo yanaanza kurukwa. Zaidi ya 25, wa nyuma hawasikii, na wakiwa kati ya rafu wanaziba njia. Waongozaji waanzie sehemu tofauti ili makundi yasikutane kwenye ngazi. Katika jengo kama la maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lililozinduliwa Novemba 2018 na kujengwa kwa watu 2,100 kwa wakati mmoja, kumwambia mgeni "uliza kaunta" hakumsaidii. Anahitaji kujua kaunta ipi.

Robo ya muda huo iende kwenye lebo ya mgongoni mwa kitabu. Kwa mpangilio wa Library of Congress, historia ya Tanzania iko DT436 hadi DT449, Kiswahili kiko PL8701 hadi PL8704. Sehemu ya juu husomwa kama namba ya kawaida: 436 kabla ya 449. Ile inayofuata nukta na herufi husomwa kama desimali, kwa hiyo .M29 hutangulia .M3, ingawa 29 ni kubwa kuliko 3. Mwanafunzi asiyejua hili huenda kwenye .M3, anahesabu kwenda mbele, hakioni, anaandika kitabu kimepotea. Anayerudisha vitabu asipojua naye, kitabu kimepotea kweli. Wape vitabu vitano mkononi wavipange wenyewe. Dakika tatu zinatosha. Na wa fasihi waambiwe mapema kwamba riwaya ya Kikenya ya Kiswahili iko PL8704 na ya Kiingereza iko PR9381.9, pengine ghorofa nyingine kabisa.

Wiki ya Ufikiaji Huria Duniani, ya kuhimiza machapisho ya kitaaluma yasomwe na wote bila malipo, huangukia mwishoni mwa Oktoba. Ilianza 2008 ikiwa siku moja, mwaka uliofuata ikawa wiki. Kosa la kila mwaka ni kuwajaza mwaka wa kwanza ukumbini ili picha zipendeze. Wiki hiyo wao wanahangaika na usajili na hosteli. Walengwa ni wahadhiri na wa uzamili, na semina mbili za vitendo zinafaa kuliko hotuba sita.

Semina ya ORCID, namba ya kudumu ya kumtambulisha mtafiti, inahitaji kompyuta na simu. Namba yenyewe ina tarakimu 16, wakati mwingine ya mwisho ikiwa X, na kuipata ni dakika tano. Kinachokwamisha ni barua pepe: mtu anafungua Gmail kwenye kompyuta ya maabara, inadai namba ya uthibitisho iliyotumwa kwenye simu, na simu aliiacha ofisini au haina bando. Liandikeni hilo kwenye mwaliko. Kila mshiriki asajili anwani mbili, ya chuo na yake binafsi, ili akihama asifungiwe nje. Aliyejisajili mara mbili kwa anwani tofauti aunganishe akaunti palepale.

Semina ya Turnitin, mfumo wa kupima mfanano wa andiko na kazi nyingine, hujaa hadi mlangoni. Jambo moja lirudiwe: rasimu ya majaribio isihifadhiwe kwenye hazina ya mfumo. Ikihifadhiwa, tasnifu ya mwisho italinganishwa na rasimu yake na kuonyesha mfanano wa kutisha, na kuiondoa ni kazi ya maombi ya msimamizi wa akaunti ya chuo. Ambaye, kama mnavyokumbuka, huenda ndiye aliyeagwa juzi.

Karatasi ya mahudhurio isibandikwe ukutani ikiwa na majina na simu za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu 1 Mei 2023.

Matukio mengine ya mwaka hayana presha. Siku ya Vitabu, 23 Aprili, yatosha meza ya maonyesho karibu na mlango. Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai, huwakuta wanafunzi wengi fildi au likizo, kwa hiyo mialiko ya shule za jirani itoke Mei, kabla walimu wakuu hawajafunga muhula.