Dadu Mbili za Ludo na Deni la Miaka 40

Kila Jumamosi jioni, tangu mwaka jana, tunakutana watu watano sebuleni kwangu, Dar es Salaam, kuendesha chombo cha anga ambacho hatujamaliza kukilipia. Chombo chenyewe hakionekani popote isipokuwa kwenye karatasi ya daftari la hesabu, kimechorwa kwa penseli na kufutwa mara nyingi, lakini deni lake tunalijua hadi senti ya mwisho. Ni mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, na mimi ndiye mwamuzi: naeleza mahali tulipofika na yanayotokea, wenzangu kila mmoja anamsemea mhusika wake, na pale ambapo hakuna ajuaye kama jambo litafanikiwa, dadu huamua.

Kanuni tunazofuata zinaitwa Cepheus Engine, zilizotoka mwaka 2016. Asili yake ni Traveller, mchezo ambao Marc Miller na kampuni ya Game Designers' Workshop waliutoa Marekani mwaka 1977 katika vijitabu vitatu vyeusi. Kampuni ya Mongoose ya Uingereza ilipotoa toleo lake mwaka 2008, iliachia pia kiini cha kanuni chini ya leseni huria, inayomruhusu mtu yeyote kuzinakili, kuzibadilisha na hata kuuza kazi aliyoijenga juu yake, mradi aambatanishe leseni yenyewe na asijitwalie jina la biashara la mwenzake. Kuzipata bila malipo ni jambo la kushukuru, lakini kilichonivuta mimi ni ruhusa ya kuzitafsiri.

Kulikuwa na sababu nyingine, ya kawaida zaidi. Michezo mingi ya aina hii inadai dadu za pande 20 na maumbo mengine ambayo sijawahi kuyaona katika duka lolote la mtaani kwetu, ilhali huu unataka dadu mbili tu za pande 6, nasi tulizitoa kwenye maboksi mawili ya ludo. Unazirusha, unajumlisha, unaongeza ujuzi wako, na ukifika 8 umefaulu. Jirani yangu, ambaye ni mwalimu wa hisabati, alituonyesha siku ya kwanza kwamba asiye na nyongeza yoyote ana nafasi 15 kati ya 36, mwenye ujuzi wa 1 ana 21, na asiyejua kazi kabisa, kwa kuwa hukatwa 3, anabaki na nafasi 3 tu. Tangu siku hiyo hakuna anayegusa usukani asioujua.

Kazi ya kutafsiri ilikuwa nyepesi mahali nilipoiogopa, ikawa nzito mahali nisipotarajia. Maneno ya chombo yalikuwa yakitungoja tangu enzi za majahazi: nahodha, sarahangi, shehena, nauli, bandari, hata rubani kwa maana yake ya zamani ya mtu aijuaye njia. Katika sifa sita za mhusika, Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili na Elimu hazikuleta ubishi. Ya sita, inayopima nafasi ya mtu katika jamii, ilitula jioni nzima. Shemeji yangu alitaka iitwe Cheo, mwalimu akasema cheo hutolewa na mwajiri na hunyang'anywa naye. Mwingine akapendekeza Heshima, tukaona kwamba heshima hata maskini huipata kwa mwenendo wake. Tulikubaliana juu ya Hadhi.

Mhusika hazaliwi tayari. Huanza akiwa na miaka 18, huchagua kazi, na kwa kila kipindi cha miaka minne hurusha dadu kuona kama amenusurika. Binamu yangu alimtengenezea mfanyabiashara wake jina, mama na kovu la mkononi, kisha katika kipindi cha tatu dadu zikaangukia 1 na 2. Akafa kabla safari haijaanza. Kanuni zinatoa njia mbadala, kwamba badala ya kufa apatwe na ajali na kuachishwa kazi, nami nikamwambia achague. Alikaa kimya kidogo, akaikunja karatasi. "Mwache apumzike, kaka. Nitaanza na mwingine." Huyo mwingine alistaafu baada ya vipindi viwili tu, kwa woga, na ndiyo maana hadi leo hajui karibu kazi yoyote.

Lakini kinachosukuma hadithi yetu ni mkopo. Kanuni zinasema rejesho la kila mwezi ni sehemu moja ya 240 ya bei ya chombo, kwa miezi 480, hivyo chetu cha milioni 36, kwa fedha ya mchezo, kinadai 150,000 kila mwezi. Mruko mmoja kati ya nyota huchukua takriban juma zima, uwe mfupi au mrefu. Ukiongeza juma la bandarini, mwezi una safari mbili. Shehena ya tani 80 kwa 1,000 kila tani inaleta 160,000 kwa mwezi, na mafuta safi, tani 20 kwa kila mruko, yanakula 20,000. Mishahara bado. Biashara ya haki peke yake, basi, haitoshi, na mimi sihitaji kubuni maadui.

Jumamosi iliyopita nahodha, yaani shemeji, aliamua tununue mafuta yasiyosafishwa, kwa moja ya tano ya bei. Fundi wa mitambo alimwonya. Dadu zikamwadhibu, na tukaibukia mahali ambapo ramani yangu haifiki, tarehe ya rejesho ikiwa imepita kwa siku mbili. Katika ulimwengu huu habari hazisafiri haraka kuliko vyombo, kwa hiyo benki bado haijui lolote. Binamu akauliza kama deni linahesabiwa wakati umepotea. Nilipekua kanuni kurasa kwa kurasa, wenzangu wakisoma juu ya bega langu, na hatukuona kifungu chochote. Tutalipigia kura Jumamosi hii.