Kitambulisho kilichosombwa na mafuriko

IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, ilipofungua tena usajili wa wapiga kura, Septemba 29, 2025, tulikuwa wanafunzi wanne hapa Nairobi tunaokutana kila Alhamisi jioni kuzungumzia tabianchi. Tukakubaliana kuwahimiza wenzetu wajisajili, ili wagombea wa 2027 wakija kuomba kura wakute watu wenye maswali.

Mkutano wa kwanza niliuongoza mimi na haukuzaa kitu. Nilieleza joto la dunia, nikataja kikao cha viongozi wa Afrika kilichofanyika katika jumba la mikutano la KICC Septemba 2023, nikasifu umeme wa mvuke wa Olkaria na mitambo ya upepo ya Turkana yenye uwezo wa megawati 310. Walisikiliza kwa heshima, wakaenda zao. Mmoja alibaki mlangoni akaniuliza, "Na hiyo stima yote, mbona mama yangu bado anapikia makaa?"

Sikulala vizuri. Nilifungua Katiba, Jedwali la Nne, nikasoma kazi za kaunti moja baada ya nyingine: mitaro ya maji ya mvua, uzoaji taka, udhibiti wa uchafuzi wa hewa, hata usambazaji wa umeme na gesi. Kumbe ule mtaro unaofurika nyuma ya hosteli yetu una mwenyewe, na bajeti yake hupitishwa na MCA, wawakilishi wa wodi tunaowachagua wenyewe. Tangu siku hiyo tuliacha kuhubiri habari za dunia, tukazungumzia wodi. Nairobi ina wodi 85. Wengi wetu hatukujua hata jina la wodi tunayolala.

Swali gumu lilikuwa mtu ajisajili wapi. Tuliwauliza wenzetu hivi: Jumanne, Agosti 10, 2027, siku ya uchaguzi mkuu, utakuwa wapi? Wa mwaka wa nne watakuwa wamemaliza zamani. Wengine watakuwa kwao Kitui au Siaya, na huko nako kuna ukame au mafuriko ya kuulizia. Aliyejua atakuwa nyumbani tulimwambia asihamishe kura yake. Sikutaka mtu ajisajili Nairobi kutufurahisha sisi, halafu siku yenyewe akose nauli ya kuja.

Nauli yenyewe nusura ituvunje. Mtu mmoja anayetaka kiti alituahidi matatu mbili na fulana. Tulibishana mpaka usiku, tukakataa, tukachanga shilingi hamsini hamsini. Bado naamini tulifanya vyema: ungevaa fulana yake, ungemuuliza nini kuhusu mtaro?

Lakini aliyenifunza zaidi ni dada mmoja wa mwaka wa pili, mkaazi wa Mathare. Kila tukimwita kwenda kujisajili alikuwa na udhuru. Nilidhani amechoshwa na siasa, na nilimhukumu vibaya. Siku moja alinieleza taratibu kwamba mafuriko ya Aprili 2024 yaliingia kwao usiku, yakabeba godoro, vitabu na kitambulisho chake. Aliwahi kuanza kutafuta kingine, akaambiwa alete ripoti ya polisi, akazungushwa, akakata tamaa. Bila kitambulisho au pasipoti hakuna usajili. Mtu aliyeumizwa na mvua kuliko sisi sote ndiye aliyekuwa hana sauti.

Tukabadilisha daftari letu. Badala ya kuandika nani amekubali na nani amekataa, tuliandika nani hana kitambulisho, nani amepoteza, nani anangoja. Tulimsindikiza kituo cha polisi, kisha Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, kupiga picha na kuweka alama za vidole. Ilichukua wiki nyingi. Karatasi ya kungojea aliihifadhi ndani ya pakiti ya maziwa iliyooshwa na kukaushwa, isije ikalowa.

Kadi ilipotoka tulienda naye ofisi ya IEBC ya eneo bunge. Mashine ilikataa kidole gumba chake mara mbili. Karani akampa kitambaa, akasema, "Pangusa, dada, ujaribu tena polepole." Ikakubali. Alipewa kijikaratasi cha usajili, akakisoma jina kwa jina, akakikunja pamoja na kitambulisho na kuvitia vyote kwenye ile pakiti ya maziwa. Kisha akaniomba daftari, kwani jirani zao wawili pia walipoteza vyao usiku uleule.