Nilivyotoka kwenye gunia la mgongoni hadi usukani wa foklifti

Kwa miaka sita nilikuwa hamali katika godauni moja la chai huko Shimanzi, Mombasa, na huu ni mwaka wa tisa nikiendesha foklifti katika mtaa huohuo. Jamaa zangu wa Mikindani hudhani kwamba siku nilipoacha kubeba gunia niliiacha pia elimu ya kubeba, ilhali elimu hiyo ndiyo iliyonifungulia mashine, na usiku mmoja nilipoipuuza, nusura niilipie kwa kiuno changu.

Mnada wa chai ulihamishwa kutoka Nairobi hadi Mombasa mwaka 1969, na ndiyo sababu chai ya Kenya na ya majirani zetu hulala kwanza katika maghala ya kisiwani na Changamwe kabla ya kupakiwa melini Kilindini. Gunia la karatasi lenye chai huwa na uzani wa kilo 60 hadi 70, kutegemea aina ya chai iliyomo, na hamali anayejua kazi halibebi kwa mikono bali hulipokea kati ya shingo na bega, magoti yakiwa yamelegea, ili uzito uteremke moja kwa moja hadi kwenye nyayo. Kinachovunja watu si uzito wenyewe. Wengi niliowaona wakipelekwa nyumbani kwa bodaboda walikuwa wamegeuza kiuno huku miguu ikibaki ilipo, au walilishika gunia mbali na kifua kwa sababu ya haraka.

Nilipoomba kufundishwa foklifti, mwendeshaji mkongwe tuliyemwita Ami hakuniruhusu hata kukikaribia kiti. Alijaza maji debe la lita 20, akaniamuru nilikumbatie kifuani na kutembea nalo mpaka mlangoni na kurudi, nami nikafanya hivyo bila shida. Kisha akaniambia ninyooshe mikono na kulishika mbele yangu. Sikufikisha hesabu ya kumi kabla ya maji kumwagika juu ya viatu vyangu.

“Mwanangu, debe limeongezeka uzani?” akaniuliza.

“La, Ami.”

“Basi kilichokushinda ni nini?”

Ndipo aliponipeleka kwenye kibao cha bati kilichopigiliwa karibu na usukani, ambacho kwa miaka yote ile nilikipita bila kukisoma. Kilisema kwamba mashine ile inabeba tani 3 iwapo kitovu cha mzigo kiko sentimita 50 kutoka kwenye kisigino cha uma, yaani pale vyuma viwili vya kubebea vinapoungana na mashine, na kwamba kadiri kitovu hicho kinavyosogea mbele ndivyo tani zinavyopungua. Foklifti ni mizani: ekseli ya mbele ndiyo nguzo ya katikati, mzigo uko upande mmoja na chuma kizito cha nyuma kiko upande wa pili. Paleti, yaani kichanja cha kupangia mzigo, yenye magunia 20 haifikii hata tani moja na nusu, kwa hiyo mwendeshaji wa chai huzoea kuamini kwamba hakuna kinachoweza kumshinda, mpaka siku aletewe kreti ndefu ya mtambo, ashike ukingo wake tu, na kuona magurudumu ya nyuma yakiachana na sakafu. Magurudumu hayo ndiyo yanayopinda kona, na yakiwa hewani usukani hauna kazi.

Mengine nilijifunza kwa kukaripiwa. Mashine hutembea na uma ulioinuliwa kiasi cha sentimita 15 tu kutoka chini, mlingoti unaoupandisha uma ukiwa umelazwa nyuma kidogo, kwa maana mzigo ulioinuliwa juu hugeuza kona ya kawaida kuwa anguko. Kwenye mteremko mzigo huelekezwa upande wa juu daima, yaani unapanda ukitazama mbele na kushuka kwa rivasi, na katikati ya mteremko hakuna kugeuza. Lililonichukua muda mrefu zaidi ni mkia: kwa kuwa mashine hupindia nyuma, sehemu ya nyuma hufagia upande ambao dereva wa gari hautarajii, na Ami alinifanyisha mazoezi ya kuzunguka mapipa matupu kwa wiki mbili, akihesabu kwa sauti kila pipa nililoliangusha, mbele ya mahamali wenzangu ambao hawakuacha kunicheka. Baadaye nilifanya mtihani wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani na kuchukua leseni ya mitambo. Karatasi hizo zilinipatia mshahara. Mapipa ndiyo yaliyonipatia mikono.

Sasa nifike kwenye usiku ule. Nilikuwa nimehamia kwa mwajiri mwingine ambaye sitamtaja, ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na tulianza kupakia baada ya futari ili kukwepa jua la mchana. Kontena lilikuwa juu ya trela iliyosogezwa kinyumenyume hadi ukingoni mwa jukwaa la godauni, na kati ya jukwaa na kontena tulilaza bamba la chuma la kupitia. Dereva alikwisha kuondoka kwenda kutafuta chai ya tangawizi. Sikushuka kutazama magurudumu yake. Nilikuwa nimeyatazama mara mia katika maisha yangu na kila mara nilikuta mawe ya kuyazuia, basi nikayahesabu yale ambayo sikuyaona.

Kila mara foklifti inapoingia ndani ya kontena na kushika breki, huisukuma trela mbele kidogo sana, sentimita moja au nusu yake, na bila kizuizi sentimita hizo hujumlishana. Nadhani ilikuwa paleti ya tisa. Nilisikia bamba likikwaruza, gurudumu langu la mbele la kulia likatumbukia kwenye mwanya, na mashine ikaanza kulala upande huo polepole, kama jahazi lililokupwewa. Mwili wangu ulitaka kuruka, tena kuruka kulia, kule kule mashine ilikokuwa ikiangukia, na hivyo ndivyo waendeshaji wengi hufa: hutoka kitini na kupondwa na nguzo za paa ambalo lingewakinga kama wangebaki ndani. Mkanda ulinizuia. Ami alikuwa akisema, na nilimwona mzee mwenye maneno mengi, kwamba mashine ikianguka shika usukani kwa nguvu, kanyaga sakafu kwa miguu yote miwili na uegemee upande usioanguka. Niliegemea. Mlingoti ukagonga fremu ya mlango wa kontena, ukakwama hapo, na magunia saba yakapasuka chini ya jukwaa.

Bega langu lilivimba kwa wiki moja. Msimamizi alifika na tochi, akauliza ni magunia mangapi yaliyoharibika, na sikumsamehe kwa haraka. Lakini kosa la kutoshuka lilikuwa langu, nami nililijua.

Asubuhi yake nilikataa kupakia mpaka magurudumu ya trela yazuiwe, nikadai viletwe vizuizi. Nilisema kwa adabu na mbele ya wenzangu, kwa sababu mtu mmoja anayekataa huitwa mvivu. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 kinamtaka mfanyakazi kumjulisha msimamizi hali yoyote yenye hatari kubwa, na mwajiri hatakiwi kumrudisha hapo kabla hatari haijaondolewa. Vibarua wengi hawajui kwamba sheria hiyo inawahusu wao pia. Vizuizi vililetwa siku ya tatu, vya mbao, na siku mbili za katikati tulitumia mawe makubwa niliyoyapanga mwenyewe.

Tangu hapo nimejiwekea utaratibu ambao madereva wa trela hawaupendi. Kabla ya paleti ya kwanza nashuka, nagusa kizuizi cha kila upande kwa buti, na kama kichwa cha lori kimeondolewa nahakikisha mbele ya trela pamewekwa jeki, kwa kuwa uzito wa foklifti ukifika mwisho wa kontena unaweza kuiangusha pua yake. Kisha namwomba dereva ufunguo na kuutundika kwenye msumari ulio juu ya meza ya karani, na haurudi mkononi mwake mpaka mlango wa kontena ufungwe.

Juzi dereva mmoja kijana kutoka bara aliniuliza, “Mzee, kwani unafikiri nitatoroka na chai?” Nilimjibu kwamba chai siionei uchungu hata kidogo. Akacheka, akanipa ufunguo, akaenda mwenyewe kuleta jiwe la pili.